Kipunguzio cha jiko la gesi kinateleza? Kikate mapengo, usikifunge kwa waya

Tupa_Bapa (Mbeya)

Mwagonile wakuu. Uzi huu ni wa wenye mtungi wa kilo 6, ule ambao kichwa cha moto kinafungwa juu ya mtungi wenyewe. Mikono yake ya kukalisha sufuria ilipangwa kwa chombo cha ukubwa wa familia. Kibirika cha chai ya watu wawili au kikaango cha yai moja ukikiweka pale, kitako kinadumbukia katikati au kinalalia upande. Dawa inayouzwa ni kile kichuma cha duara chenye vidole vinne vinavyoelekea ndani. Humu tukiite kipunguzio.

Kipunguzio kinateleza. Ringi yake ni laini, mikono ya jiko ni laini, na katikati kuna masizi yaliyochanganyika na mafuta. Ukikoroga uji kinazunguka. Ukivuta mpini wa kikaango kinakufuata. Wengi wanakifunga kwa waya wa kufungia nondo. Ule waya ukipigwa moto unalainika na kulegea, tena siku ya sufuria kubwa huwezi kukitoa haraka. Kinachofaa ni kukata mapengo upande wa chini wa ringi, kila mkono wa jiko uingie kwenye pengo lake.

Vya kuwa navyo: msumeno wa chuma wenye wembe wa meno 24 kwa inchi, tupa bapa nyembamba, tupa ya pembe tatu, jiliwa (au klempu mbili na meza nzito), rula ya chuma, msasa namba 80 na 120. Meno 24 si pambo. Chuma cha milimita 3 kinatakiwa kiguswe na meno matatu hivi kwa wakati mmoja. Ukiweka wembe wa meno 18, jino linadaka ukingo na kukatika. Meno yaelekee mbele, na nguvu itumike ukisukuma tu. Ukirudisha, inua mkono kidogo.

Kabla ya yote, toa kipunguzio jikoni. Hakuna kukata, kupiga tupa wala kutoboa juu ya mtungi, hata kama gesi umefunga.

Kupata mahali pa pengo usitumie kubuni. Mikono ya majiko haya mara nyingi haikuchomelewa kwa nafasi sawa, ukigawanya duara kwa hesabu utakosea. Jiko likiwa baridi, paka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na tone la mafuta juu ya kila mkono. Weka kipunguzio katikati kabisa, kibonyeze, kiinue wima. Chini ya ringi utaona alama nyeusi, moja kwa kila mkono. Hapo hapo weka alama nyingine moja kwenye ringi na kwenye mkono mmoja, ili siku zote kirudi kwa mkao uleule.

Upana wa pengo ni upana wa mkono kuongeza milimita 1. Mkono ukiwa wa nondo ya milimita 6, pengo ni 7. Hiyo milimita moja ni ya masizi na ya chuma kutanuka. Ringi ya chuma cha kawaida yenye kipenyo cha sentimita 13, joto likipanda nyuzi 400, inaongezeka zaidi ya nusu milimita. Ukikata pengo la kubana sawasawa, kitaingia kikiwa baridi na kitagoma kutoka kikiwa cha moto. Kina kisizidi theluthi moja ya unene wa ringi kutoka juu hadi chini. Ringi ya milimita 8, pengo la milimita 2 hadi 2.5 linatosha. Milimita 2 tu inazuia kuteleza, zaidi ya hapo unaidhoofisha ringi bure.

Msumeno utumie kukata kuta mbili za pengo, kisha nyama ya katikati imalize kwa tupa. Zungushia wembe kipande cha utepe wa karatasi pale kina kinapoishia, utajua pa kusimama. Makali yote yapige msasa, la sivyo yatakukata siku ya kuosha.

---

Mdau_wa_Mbozi (Vwawa)

Asante mkuu. Jiko langu lina mikono mitatu, kipunguzio kina vidole vinne. Vidole havitakutana na mikono. Kuna tatizo?

---

Tupa_Bapa (Mbeya)

Hakuna, na una bahati. Mapengo yanafuata mikono, hayahusiani na vidole. Utakata matatu. Kitu kikikaa juu ya nukta tatu hakiyumbi hata kama mkono mmoja uko juu kidogo, kitainama tu. Mwenye mikono minne ndiye mwenye kazi.

Kwa hao wa minne: ukishakata, rudia zoezi la masizi. Pengo lililopata weusi ndilo linalogusa. Kama kinayumba utakuta mawili yanayotazamana yana weusi na mengine hayana, au yana kidogo. Piga tupa kwenye yale yenye weusi, mipigo mitatu minne, futa, pima tena. Usiguse lile lisilo na weusi. Kosa la kawaida ni kuchimba pengo lililo safi kwa kudhani ndilo bovu. Ukifanya hivyo unaongeza kuyumba. Endelea mpaka yote manne yapate weusi.

---

Kamwene_Ipogolo (Iringa)

Kamwene wote. Naongezea jambo ambalo mwenye uzi amelipita. Jua kwanza una chuma gani mkononi, maana vinauzwa vya namna tatu na kila kimoja kina tabia yake.

Piga tupa kidogo mahali pasipoonekana, uangalie unga unaodondoka. Unga mweusi kama wa penseli, ukishika unachafua vidole: hicho ni chuma cha kusubu, kile kilichomiminwa. Kinakatika kwa tupa vizuri sana lakini hakipindi. Ukikibana kwenye jiliwa bila kuweka mbao pande zote mbili, au ukikigonga nyundo ili kinyooke, kinapasuka kama kigae. Na kikiwa cha moto usikimwagie maji.

Unga unaong'aa, wenye vipande vilivyojikunja: chuma cha kawaida. Hicho ndicho rahisi. Unaweza kupinda kidole kilichopanda au kushuka, baridi kabisa, kwa koleo.

Sumaku ikigoma kabisa na chuma kinang'aa hata baada ya kukwaruza, hicho ni chuma kisichoshika kutu. Hapa wengi wanaharibu wembe. Chuma hiki ukikisugua bila kukikata kinakuwa kigumu pale ulipokisugua. Msumeno uende polepole, ukandamize vya kutosha uone kinakatika, tone la mafuta likiwepo. Ukiona wembe unateleza juu na pameanza kung'aa kama kioo, geuza upande, anza upya pembeni kidogo kwa tupa ya pembe tatu. Pia chenyewe hutanuka zaidi ya chuma cha kawaida, kwa hiyo pengo liongeze milimita 1.5 badala ya 1.

---

Nyanda_Juu (Njombe)

Kuna cha nne: kile kilichopakwa zinki. Kinang'aa kikiwa kipya na watu wanakichanganya na kisichoshika kutu.

---

Kamwene_Ipogolo (Iringa)

Umenena mkuu. Ngoja nikieleze.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na vidole vya kipunguzio juu ya moto wa gesi vinafika mahali pa kuwa vyekundu. Hapo zinki inaungua na kutoa moshi mweupe. Ukiuvuta kwa wingi unakupa homa, baridi na maumivu ya viungo saa chache baadaye, mtu akaenda kupima malaria bure. Anayekichomelea ndiye yuko hatarini zaidi, lakini hata jikoni haifai.

Kupima: dondoshea siki. Zinki inatoa mapovu madogo ndani ya dakika moja mbili. Kisichoshika kutu kinakaa kimya. Kuitoa: loweka kwenye siki usiku kucha, nje, chombo cha plastiki, bila kifuniko cha kubana na mbali na moto, kwa sababu yale mapovu ni gesi inayowaka. Mapovu yakikoma na rangi ikawa ya kijivu kilichofifia, suuza, pitisha kwenye maji ya magadi kuua ukali wa siki, suuza tena, kausha juani mara moja. Ukikiacha kikiwa na unyevu kitakuwa na kutu kabla ya jioni.

Cha rangi nyeusi ya kupuliza, kwangua kwa msasa wa maji. Usiichome ili itoke, hujui ndani kuna nini.

---

Chuma_Moto (Mbeya)

Mnajitesa wakuu. Peleka Sido, kule kwenye karakana za viwanda vidogo, fundi wa kuchomelea anapachika kile kidude kwenye mikono ya jiko moja kwa moja, dakika tano umemaliza.

---

Tupa_Bapa (Mbeya)

Kaka, hapana, na sababu ziko tatu.

Ya kwanza, ukishakiunganisha, sufuria kubwa la maharage nalo litakaa juu ya kipunguzio. Sisi huku maji yanachemka mapema: Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe ni 93. Maharage yanakaa motoni muda mrefu. Sufuria pana kwa saa nyingi linarudisha joto chini, kwenye koki na kwenye mtungi. Watengenezaji waliacha nafasi ile kwa sababu, na mpira wa koki haupendi joto. Ringi ya ziada pale katikati inabana njia ya hewa ya moto kutoka.

Ya pili, joto la kuchomelea linapinda mikono, na kichwa cha moto nacho kinaweza kukaa upande.

Ya tatu, kuna wanaopeleka jiko likiwa bado limefungwa kwenye mtungi. Sitaongeza neno.

Kama unataka fundi, mpelekee kipunguzio peke yake. Aweke vipande viwili vya nondo ya milimita 6, urefu sentimita 1.5, upande huu na huu wa kila mkono, vikining'inia chini ya ringi. Vinafanya kazi ya pengo bila kukata. Hii inafaa sana pale ringi yenyewe ni nyembamba, chini ya milimita 5, kiasi kwamba pengo lingebakiza chuma kidogo. Isiwe ya kusubu tu, maana hiyo ikichomelewa na fundi asiyeijua hupasuka pembeni ya mshono ikipoa.

---

Chuma_Moto (Mbeya)

Sawa fundi, nimekuelewa hapo kwenye sufuria kubwa. Hiyo ya vipande viwili ni nzuri.

---

Mama_Birika (Tukuyu)

Ndugu zangu, mimi nimekata, hakitelezi tena. Lakini kibirika chenyewe sasa ndicho kinateleza juu ya vidole. Na chini kimejaa masizi ambayo mwanzo hayakuwepo.

---

Tupa_Bapa (Mbeya)

Dada, ni mambo mawili tofauti.

Kuteleza kwa kibirika: geuza kipunguzio juu chini ukiweke kwenye kigae cha sakafuni au kioo kinene. Kikiyumba, kidole kimoja kiko juu kuliko wenzake. Chuma cha kawaida kipinde, cha kusubu kipige tupa. Vikishalingana, chora mistari kwa tupa ya pembe tatu juu ya kila kidole, kukingama urefu wa kidole, umbali wa milimita 2 kati ya mstari na mstari, kina kama unene wa ukucha. Kisha msasa namba 120 upite mara moja kuua ncha, kwa sababu kibirika cha alumini ni laini kitachubuka. Angalia pia nafasi kati ya ncha za vidole vinavyotazamana. Kitako cha kibirika kiwe kinalalia kila kidole angalau sentimita 1. Kitako cha sentimita 7 kinataka nafasi isiyozidi sentimita 5.

Masizi sasa. Kabla sijajibu: baada ya kukata, kitako cha kibirika kiko umbali gani kutoka kwenye kichwa cha moto? Na zamani sufuria lilikuwa umbali gani?

---

Mama_Birika (Tukuyu)

Zamani sentimita 3. Sasa ni 2 kasoro. Vidole vyake vimeinama kwenda chini na mapengo nimechimba sana.

---

Nyanda_Juu (Njombe)

Hapo ndipo penyewe. Moto wa gesi unahitaji nafasi umalize kuungua kabla haujagusa kitu baridi. Kibirika chenye maji hakipiti nyuzi mia, kwa moto ni kitu baridi sana. Ukikisogeza karibu, ndimi zinazimwa zikiwa katikati ya kazi. Kinachobaki ni masizi ambayo unayaona, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ambayo huioni wala kuinusa. Huku kwetu, na kwenu Tukuyu na mvua zile, watu wanafunga madirisha kwa baridi. Masizi mapya chini ya chombo yachukuliwe kama onyo, si uchafu wa kusugua tu.

Kanuni ni fupi: kipunguzio kinaruhusiwa kuinua chombo, hakiruhusiwi kukishusha chini ya pale mikono ya jiko ilipokuwa inakikalisha. Kuinua milimita 5 hadi 8 hakuna shida, utapoteza joto kidogo. Kuinua sentimita 2, chai itakuchosha kusubiri.

Vidole vyako kama ni chuma cha kawaida, vipinde virudi juu mpaka ncha zilingane na uso wa ringi. Kama ni vya kusubu, kitafutie mwenzake. Hakuna tupa inayorudisha chuma kilichoondoka.

Pia punguza moto. Ndimi ziishie ndani ya kitako. Zikipanda ubavuni hazichemshi maji, zinayeyusha mpini wa plastiki.

---

Bwana_Gesi (Makambako)

Kuna njia nyingine, toboa kile kitundu cha gesi kiwe kikubwa kidogo, moto unakuwa na nguvu. Huku milimani moto wa gesi ni dhaifu.

---

Tupa_Bapa (Mbeya)

Mkuu naomba usiifanye na wengine wasiifuate. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko pwani, kila kiasi cha hewa kinachoingia kina oksijeni kidogo zaidi. Kwa hiyo gesi ileile tayari inaelekea kukosa hewa. Ukipanua kitundu unaongeza gesi, hewa iko palepale. Utapata moto mrefu wa njano, si wa nguvu. Moto wako ukiwa dhaifu, kagua kwanza matundu ya hewa kwenye shingo ya kichwa cha moto: utando wa buibui, vumbi, mafuta yaliyomwagika. Safisha kwa mswaki mkavu, jiko likiwa limefunguliwa kutoka kwenye mtungi. Ukirudisha, paka povu la sabuni kwenye kiungo, fungua gesi, tazama kama kuna povu linalokua. Usipime kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, pua yako huenda isiipate.

Uzi huu ni wa kichuma kinachokaa juu. Kitundu, koki na mpira tusiviguse.

---

Nyanda_Juu (Njombe)

Naunga mkono. Na asubuhi za Juni na Julai huku, mtungi ukiwa baridi gesi inatoka kwa msukumo mdogo, hasa ukikaribia kuisha. Hilo watu wanalichukua kama ubovu wa jiko. Mtungi ukae ndani usiku, basi. Usiuweke karibu na mkaa.

---

Mama_Birika (Tukuyu)

Ndaga fijo. Nimevipinda, sasa ni sentimita 3 na milimita 4, moto ni wa bluu. Swali la mwisho: kutu. Huku kikilala usiku mmoja kimekuwa chekundu, hasa kwenye mapengo.

---

Kamwene_Ipogolo (Iringa)

Kwenye mapengo ni kwa sababu hapo umekifunua chuma kipya. Osha, kausha juu ya moto mdogo mpaka maji yaishe, zima. Kikiwa cha vuguvugu, paka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, kisha chukua kitambaa kingine kikavu ufute kana kwamba umekosea kupaka. Unachotaka kibaki ni utando tu. Washa moto wa wastani dirisha likiwa wazi, acha kitoe moshi mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu. Ukipaka mengi utapata gundi ya kahawia inayonata, na masizi yatajishika hapo.

Ncha za vidole zitapoteza mafuta kila siku kwa sababu ziko ndani ya moto. Usihangaike nazo, rangi ya kijivu itakayobaki ni ya kawaida. Kinacholindwa ni ringi na mapengo, ambavyo haviungui sana.

---

Mdau_wa_Mbozi (Vwawa)

Matatu yangu yamekaa, hakiyumbi. Kukitoa kikiwa cha moto mnatumia nini? Koleo linateleza.

---

Tupa_Bapa (Mbeya)

Toboa tundu moja la milimita 4 kwenye ringi, katikati ya mkono na mkono, si karibu na pengo. Ukiviweka pamoja hapo ndipo itakapopasuka. Kama ringi ni ya nondo ya duara, piga kwanza bapa dogo kwa tupa ili biti isitembee, kisha gonga alama kwa msumari wa zege. Drili iende taratibu, na mafuta. Kulabu yake fanya kwa spoku ya baiskeli: pinda ncha milimita 8 kwa pembe ya mraba, upande mwingine zungusha uwe kishikio. Milimita 2 za spoku zinaingia kwenye tundu la 4 bila kutafuta, hata kama umeme umekatika.

Ila kiinue wima. Ukikivuta kwa upande mapengo yanashika mikono, na mwenye kichwa cha moto kilicholegea anaweza kukizungusha kutoka kwenye mtungi.

---

Mdau_wa_Mbozi (Vwawa)

Spoku ninayo. Kichwa changu cha moto kinacheza kidogo kweli, nikikaze kwa spana?

---

Tupa_Bapa (Mbeya)

Kwa mkono tu, mtungi ukiwa umefungwa na baridi. Spana inakata mpira. Kikiendelea kucheza baada ya kukazwa kwa mkono, mpira umekwisha. Nunua mwingine wa saizi ileile kabla hujawasha tena, halafu povu la sabuni.